Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Nafasi ya kazi serikalini ni mali ya nani?



Leo ni 17 Ramadhani. Jana usiku wengi wetu tumesikiliza mawaidha ya Badr: mwaka wa 2 Hijria, watu mia tatu na kidogo, mbele yao jeshi karibu mara tatu yao. Masheikh wameeleza malaika, wameeleza mvua, wameeleza ushindi, na wameeleza vizuri. Mimi leo naomba tuwatazame wale ambao hawakufika Badr. Nazungumzia waliotaka kwenda, wakasimama mstarini, wakakaguliwa, wakaambiwa wewe bado, rudi nyumbani.

Mmoja wao ni Abdullah mtoto wa Umar. Mnamjua baba yake ni nani. Umar bin Al-Khattab (RA) alikuwa mtu wa karibu kabisa na Mtume (SAW), neno lake likisikilizwa. Ingekuwa ni sisi, simu moja tu ingetosha. Abdullah akarudishwa kwa sababu ya umri. Mwaka uliofuata, Uhud, ana miaka 14, akajitokeza tena, akarudishwa tena. Alikuja kukubaliwa Khandaq akiwa na miaka 15. Haya yamo ndani ya Bukhari na Muslim. Wala hatujasikia mahali popote kwamba Umar alimvuta mtu pembeni akamwambia, bwana, yule ni kijana wangu, mwangalie.

Katika sira kuna kisa kingine cha Uhud, na hiki wanafunzi wangu wa madrasa hukipenda kuliko vyote. Kijana Rafi bin Khadij alikubaliwa kwa kuwa alikuwa hodari wa kurusha mishale. Mwenzake, Samura bin Jundub, akarudishwa. Samura akalalamika: mbona Rafi amepita, na mimi nikipigana naye mweleka namwangusha? Wakaambiwa haya, pambaneni. Wakapambana mbele ya watu, Samura akamwangusha mwenzake, naye akapitishwa. Tazameni malalamiko yalivyosikilizwa pale pale, mbele ya macho ya wote, kwa kipimo cha kazi yenyewe. Mwenye nguvu ameonekana ana nguvu. Hakuna aliyebaki nyuma ananong'ona.

Nayasema haya kwa sababu tangu mwisho wa Shaabani watu wanne wameniuliza swali moja, kila mtu kwa namna yake. Aliyeniuliza wazi zaidi ni baba mmoja. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, amepita mafunzo ya JKT, ana afya, ana nidhamu, na matokeo yake si mabaya. Sasa ametokea mtu, hata jina lake kamili hawalijui, anasema anao uwezo wa kumuingiza kijana kwenye moja ya majeshi. Anataka pesa. Baba ana kiwanja, na mnunuzi wa kiwanja keshapatikana. Akaniambia hivi: Sheikh, najua rushwa ni haramu, huna haja ya kunisomea hadithi. Ninachouliza ni kwamba mtoto wangu sifa anazo. Pesa isipotoka, ataingia mwingine asiye na sifa. Sasa mtu akilipa ili apate haki yake, na hiyo ni rushwa?

Ndugu zangu, hili si swali la mtu mjinga wala la mtu mwovu. Ni swali la mzazi aliyechoka. Na msidhani wanazuoni hawakulipitia. Wamelipitia zamani. Wengi wao wamesema kwamba mtu akizuiliwa haki yake iliyothibiti, akakosa kila njia ya kuipata isipokuwa kutoa kitu, basi dhambi inamwangukia mpokeaji, yeye mtoaji amelazimishwa. Tuchukue mfano: mzazi wako amefariki, cheti cha kifo kimeshaandikwa na kusainiwa, kimo ndani ya droo, na mwenye droo hafungui mpaka umpe chochote. Kile cheti ni chako. Hapo kuna nafasi ya mjadala, ingawa hata hapo mimi ningekutuma kwanza kwa mkuu wake wa kazi, na baada yake ungepiga 113 ya TAKUKURU kabla hujaingiza mkono mfukoni.

Lakini nafasi ya kazi iliyotangazwa haifanani na cheti kilichomo kwenye droo. Hapa ndipo yule baba, na wengine wengi, wanapoteleza bila kujua. Cheti kilishakuwa chako kabla hujafika dirishani. Nafasi ya kazi haijawa ya mtu yeyote. Sifa ulizonazo zimekupa ruhusa ya kusimama mstarini, basi. Mstari ule una watu mia wenye sifa kama zako na nafasi ziko tano. Wote mia hawawezi kuwa na haki ya nafasi tano. Haki waliyonayo wote kwa usawa ni moja: kupimwa kwa kipimo kimoja. Na hiyo haki ndiyo hasa inayouzwa pale unapompa dalali pesa. Kwa hiyo baba hanunui haki ya mtoto wake. Ananunua haki za watoto tisini na tisa wa wenzake, halafu anazitupa.

Sasa tuulize, kama nafasi si ya mwombaji, ni ya nani? Dalali anaiuza kana kwamba ni yake. Ofisa aliye nyuma ya dalali, kama kweli yupo (mara nyingi hayupo, ni utapeli mtupu, na ndiyo maana majeshi yetu hurudia onyo hilo karibu kila yanapotangaza nafasi), naye anaitoa kana kwamba ameirithi kwa babu yake. Mwenye nafasi ni yule mama anayeuza vitumbua pale njia panda. Kila sabuni anayonunua dukani ina kodi ndani yake, na kodi hiyo ndiyo mshahara wa askari, wa nesi, wa karani, wa mwalimu. Mimi mwenyewe nina cheki namba, kwa hiyo mama yule ananilipa na mimi. Yeye ndiye aliyeajiri. Hawezi kuja kukaa kwenye meza ya usaili, ana moto wa kuchochea, basi amewaachia wengine wamchagulie anayefaa zaidi. Hiyo ndiyo maana ya amana: kitu cha mtu kimo mkononi mwako na mwenyewe hayupo kukutazama. Qur'ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha tuzifikishe amana kwa wanaostahiki, na wafasiri wengi wameingiza kazi za umma ndani ya aya hiyo.

Kuna jambo jingine linanitisha zaidi, na ningependa wazazi mlifikirie kabla ya kufuturu leo. Dhambi ya mtu baina yake na Mola wake, mlango wa toba upo wazi usiku na mchana. Haki ya mja lazima irudi kwa mja. Ukiiba baiskeli, unaijua ni ya nani, utamrudishia. Ukimruka kijana wa watu kwenye ajira, utamrudishia nani? Humjui. Sekretarieti ya Ajira ina utaratibu wa kanzidata: waliofaulu usaili lakini nafasi hazikutosha hubaki kwenye orodha, wakisubiri ikitokea nafasi wapangiwe kituo. Pengine uliyemruka yumo kwenye orodha kama hiyo, yuko kijiji usichowahi kufika, kila wiki anaazima simu ya jirani kuangalia kama ameitwa. Mama yake anamwambia subira, mwanangu. Utastaafu, utapokea mafao, utakwenda Hija, na yule mtu bado anakudai wala humjui jina.

Nilipofika hapo baba akaniuliza: kwa hiyo, Sheikh, mtoto akose?

Nilimjibu kwamba inawezekana akakosa, ndiyo. Sikutaka kumdanganya. Wahubiri wengine hupenda kusema ukiacha haramu leo, kesho halali itakugongea mlango. Mwenyezi Mungu ameahidi njia kwa wanaomcha, na ahadi yake ni ya kweli, lakini hakuahidi kwamba njia hiyo itapita kwenye ajira ile ile unayoitaka wewe, mwaka huu huu. Inawezekana kijana akakosa jeshi akaishia kulima ufuta. Mimi sioni ubaya wa ufuta, lakini najua baba aliona ubaya, na nilimwelewa.

Wapo watakaosema: wenzetu wanaingizana, sisi tukikaa na uadilifu wetu watoto wetu watabaki nje ya kila ofisi. Malalamiko haya nayasikia hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa, tena kwa sauti. Nasema mambo mawili tu. Kwanza, kama umeonewa, dawa yake ni kudai hadharani kama Samura alivyodai, na kusomesha. Hesabu na Kiingereza cha watoto wetu tukishughulikie mwaka mzima, siyo kuanza kutafuta mtu wa kumpigia siku matokeo yanapotoka. Pili, una hakika gani kwamba uliyemruka ni mtoto wa hao wenzetu? Dalali hana dini. Huenda ametoka safu ya nyuma ya msikiti huu huu.

Hayo ni ya namna ya kuingia. Kuna ndugu mwingine, kijana, yeye swali lake lilikuwa gumu kwa upande wa pili. Anasema ana shahada ya uhasibu, amepita usaili kwa haki, ameitwa kazini halmashauri moja, na sasa anaogopa. Amesikia hadithi ya Abdurrahman bin Samura, aliyekatazwa na Mtume (SAW) asiombe uongozi, kwamba atakayepewa kwa kuomba kwake ataachiwa mwenyewe na mzigo wake. Rafiki zake wanamwambia serikalini ni uchafu mtupu, mcha Mungu hawezi kukaa pale, afungue duka.

Hapa naomba tuweke visa viwili pamoja, maana kimoja peke yake hupotosha. Abu Dharr (RA) alikuwa katika wacha Mungu wakubwa wa umma huu, mkweli wa ulimi, hana tamaa na dunia. Alimwomba Mtume (SAW) ampe kazi ya utawala. Akapigwa begani kwa upole, akaambiwa yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana, na siku ya Kiyama ni hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake akatekeleza wajibu wake. Imo katika Muslim. Kwa hiyo uchamungu wa Abu Dharr haukutosha. Wazazi wengi mkija kwangu kutaka barua ya utambulisho mnaniambia, Sheikh, kijana wangu ni mpole, anaswali swala tano. Alhamdulillahi, nitaandika hivyo. Lakini ujue upole na swala havimfundishi mtu kufunga mahesabu ya mradi wa maji. Mhandisi wa maji asiyejua kipimo cha bomba, hata akifunga Jumatatu na Alhamisi, kijiji kitakunywa maji ya dimbwi.

Kisa cha pili ni cha Nabii Yusuf (AS). Yeye aliomba. Katika Surat Yusuf aya ya 55 alimwambia mfalme wa Misri amuweke juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: anajua kuhifadhi, na ana elimu ya jambo lenyewe. Ona mahali alipokuwa. Ni mgeni katika nchi ya watu. Ametoka gerezani. Mfalme si wa dini yake. Hana mjomba ndani ya serikali ile, na kama angetaka kutaja ukoo, yeye ni mtoto wa Nabii, mjukuu wa Nabii, kitukuu cha Nabii. Hakuutaja. Alitaja anachokiweza.

Na alikiweza kweli. Tunapenda kisa chake kwa ajili ya kanzu iliyochanwa na wanawake waliojikata mikono, tunapita haraka kwenye ghala. Turudi ghalani. Miaka saba ya mavuno inakuja, halafu saba ya njaa. Aliwaambia wanachovuna wakiache ndani ya mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Mkulima yeyote wa hapa kwetu atakuambia faida yake: nafaka iliyo ndani ya shuke lake haishambuliwi na wadudu upesi kama iliyopukuchuliwa. Ni jambo dogo la kiufundi, na Qur'ani imelitaja. Baada ya hapo kuna kupima, kugawa, kuamua nani apate shehena ya ngamia mmoja, kuhakikisha aliyetoka mbali hapunjwi. Leo mtu huyu tungemkuta Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ana buku la kupokelea mizigo. Nabii wa Mwenyezi Mungu alifanya kazi ya ofisi, na watu hawakufa njaa kwa sababu mtu wa ofisi alijua kazi yake.

Kwa hiyo kijana wa uhasibu nilimwambia aende. Katazo alilopewa Abdurrahman, kwa ufahamu wangu, linamgusa anayetaka kuwa juu ya watu kwa sababu anapenda kuwa juu. Mwenye ujuzi unaohitajika, akaona akikaa pembeni pesa za zahanati zitaandikwa na asiyejua au asiyejali, huyo yuko karibu zaidi na Yusuf. Na lile neno kwamba serikalini ni pachafu, mimi huwa nauliza: mkiondoka nyote mnaopenda usafi, nani atafagia? Ajabu ni kwamba wanaosema hivyo ndio wa kwanza kulalamika faili la kiwanja likipotea.

(Nitoke nje kidogo. Neno ajira, ujira, na ajri tunayoiomba kwa Mola, yote yana mzizi mmoja wa Kiarabu, malipo ya kazi. Na waziri, wanalugha wengi humrudisha kwenye wizri, yaani mzigo. Waziri ni mbeba mzigo. Laiti tungekuwa tunampa mtu pole siku anapoapishwa badala ya kumchinjia ng'ombe.)

Jeshini nako kuna mambo yake. Wanafunzi wangu shuleni nikiwauliza wanataka kuwa nani, robo ya darasa inasema mwanajeshi. Nikiuliza kwa nini, jibu ni kwamba mshahara hauchelewi. Sawa, ni kweli na si dhambi kutaka mshahara. Lakini mzazi, kabla hujamsukuma kijana wako kule, jua unampeleka wapi. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kwenye kambi yao pale Semuliki, Kongo, kwa shambulio la usiku mmoja. Walikuwa watoto wa watu, wanalinda raia wa nchi jirani. Anayenunua nafasi ile kama anavyonunua bajaji hajajua anachonunua. Kuna kijana wa Badr, Umair bin Abi Waqqas, inasimuliwa naye alirudishwa kwa udogo wake akalia mpaka akaruhusiwa. Watu humtaja wakitaka kuthibitisha kwamba hata kule watu walibembeleza. Ndiyo, alibembeleza, na alichokipata kwa machozi yake ni kuuawa siku ile ile.

Na askari anaapa kutii. Utii ni nguzo ya jeshi, bila huo mnakuwa kundi la watu wenye silaha tu. Hata hivyo una mpaka. Imepokewa kwa Ali (RA) kwamba Mtume (SAW) alituma kikosi, akaweka kiongozi katika Ansari, akaamrisha atiiwe. Njiani kiongozi akakasirika, akawaamrisha wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Wakakusanya, wakawasha. Walipokaribia kuingia wakatazamana: sisi tumemfuata Mtume kuukimbia moto, sasa tuingie motoni? Wakabaki vile mpaka moto ukazimika na hasira ya kiongozi ikatulia. Habari ilipofika Madina wakaambiwa lau wangeingia wasingetoka humo, utii ni katika jambo jema. Vijana mnaokwenda depo mwezi ujao, shikeni kisa hiki. Kuni walikusanya, maana kukusanya kuni si dhambi. Hawakumrukia kiongozi wao, wala hawakumwasi kwa mengine. Walisimama pale ambapo amri ilitaka wafanye lisilofanyika. Askari anayeambiwa apige raia aliyekwisha kukamatwa na kufungwa pingu, moto wake ndio huo.

Hata ushauri una adabu yake. Badr yenyewe, Hubab bin Al-Mundhir aliona kambi imewekwa mahali pasipofaa. Akauliza kwanza: hapa ni wahyi, au ni maoni na mbinu za vita? Alipoambiwa ni maoni, akashauri wasogee kwenye visima vya karibu na adui, na Mtume (SAW) akakubali wakahama. Mtumishi wa chini mwenye ujuzi amesema, mkubwa amesikia. Ofisi ngapi leo Hubab angeandikiwa barua ya kujieleza?

Nirudi kwa mnaokaa madirishani, maana kwenye chaneli hii mpo wengi, nami ni mmoja wenu. Saa za kazi za serikali zinajulikana, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ramadhani haijazipunguza. Mtu ametoka kijijini na boda ya elfu kumi, anakuta dirisha limefungwa saa saba kwa sababu mwenye dirisha amefunga na amewahi kuandaa futari. Funga yako ni baina yako na Mola wako, usimtoze yule mwananchi.

Na zawadi. Mwezi huu madebe ya tende yanatembea, na kuelekea Idi zitatembea na bahasha. Kisa cha Ibn Al-Lutbiyya mnakijua: alitumwa kukusanya zaka, akarudi akagawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume (SAW) akapanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama hiyo zawadi ingemfuata. Kipimo hicho ni chepesi, hakihitaji mwanasheria. Jirani aliyekuletea sahani ya futari kabla hujaajiriwa, akiendelea kuleta, kula. Mkandarasi aliyekujua juzi, akakuletea mbuzi wa Idi, mbuzi yule amefuata kiti chako. Sayyidna Umar alipoteua magavana aliandika mali zao kabla hawajaondoka, na leo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi wetu watoe tamko la mali na madeni kila mwisho wa mwaka. Wazo ni lile lile.

Kuna wa nne, swali lake nalijibu hapa bila kumtaja, atajijua. Yumo kazini miaka mingi na cheti alichoingilia hakikuwa chake. Aliponea uhakiki. Mnakumbuka Aprili 2017, ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Anauliza: mshahara niliokula ni haramu wote? Wapo wanazuoni wa zama hizi waliosema kwamba aliyeingia kwa udanganyifu kisha kazi akaiweza na kuifanya sawasawa, ujira ni wa jasho lake, na dhambi ya udanganyifu ni juu yake atubu. Wapo wasiokubali kwa wepesi huo. Mimi naona rai ya kwanza ina nguvu kwa kazi ambayo mtu ameiweza kweli, na haina nguvu hata kidogo kwa anayeshika sindano au dawa bila elimu yake. Wewe unaijua kazi yako ni ipi. Njoo tuongee, nyumbani kwangu baada ya Alfajiri pana utulivu.

Yule baba hajanipigia tena. Kiwanja sijui kama ameuza. Kijana wake nilimwona Tarawehe juzi, safu ya tatu.

Mwisho tangazo. Kuanzia leo mpaka 25 Ramadhani, baada ya Tarawehe, chumba cha madrasa kitakuwa wazi kwa vijana wanaotaka kujaza maombi ya kazi kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira. Kompyuta zipo mbili na wapo ndugu wawili wanaoujua mfumo. Njoo na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, na vyeti vyako vya masomo. Akina dada mtaanza ninyi, saa tatu na nusu. Anayetaka kwenda JKT kwa kujitolea aje pia tusome tangazo pamoja mpaka mwisho, hasa pale linaposema JKT halitoi ajira. Huduma ni bure, na ukiona mtu anadai chochote mlangoni, niambie mimi.

Wallahu a'alam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.